Mwanaamina na Pipa la Kukaushia

Ukiuliza pale Majengo, Mtwara, dobi mzuri wa miaka ile alikuwa nani, utatajiwa mimi. Chande Dobi. Wazee watakuambia kwamba kanzu ya Chande, ukiivua, inabaki imesimama yenyewe. Kwa miaka mingi nilizipokea sifa hizo barazani kwangu nikitabasamu na kusema "Alhamdulillahi," kana kwamba ni haki yangu. Sasa ndevu zimeingia mvi na ninasema: kanzu zile zilikuwa za mke wangu, Mwanaamina binti Abeid. Kama kuna maisha ya kuandikwa katika nyumba yetu, ni yake. Yangu yaandikwe pembeni, kwa herufi ndogo.

Mwanaamina alizaliwa Mikindani, mtoto wa mchuuzi wa samaki wakavu. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Msidhani alikuwa mpole. Ulimi wake ulikuwa mkali ukimchokoza. Lakini jambo lake alilisema mara moja tu. Ukilisikia, umelisikia, na usipolisikia, harudii. Mimi nilichukulia kwamba mtu asiyerudia jambo hana haja nalo sana. Nilikaa na upumbavu huo miaka ishirini.

Kazi ya kufua nilijifunza hukohuko Mikindani kwa dobi mmoja wa Kihindi, mzee aliyenizaba kofi kila nilipochoma kola. Nilipomwoa Mwanaamina, bandari ya Mtwara ilikuwa imeanza kuita watu, nasi tukaitikia. Tukapanga nyumba Majengo, yenye baraza mbele na ua nyuma. Barazani nikaweka meza na pasi zangu mbili za mkaa. Uani tukaweka mapipa, makarai na kamba. Kazi ikajigawa yenyewe, au ndivyo nilivyojidanganya. Mimi nilipokea nguo, nikaloweka, nikapiga sabuni, nikapiga pasi, nikakabidhi. Mwanaamina alisuuza, akakamua, akatia buluu ya kung'arisha na kanji ya kukazia nguo, akaanika, akaanua. Kazi zangu nyingi zilikuwa na mtu wa kunisalimia na kuniuliza habari za nyumbani. Zake zote zilikuwa nyuma ya nyumba.

Kanji aliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, akiichuja mara mbili kwa kitambaa cha melikani mpaka usione hata punje. Halafu alitumbukiza vidole karaini, akavisugua, na kwa kusugua huko tu alijua kama kanji hii ni ya kanzu ya Ijumaa, ya shati la karani au ya foronya. Sikuwahi kumwona akipima kwa kikombe. Siku moja aliyopatwa na homa nilijaribu mimi. Mashati ya karani mmoja wa bandarini yakatoka magumu kama mbao, na karani akaniuliza kwa adabu kabisa kama nimeyapaka gundi. Mwanaamina alipopona nilimsimulia, akacheka mpaka akashika ubavu.

Sasa niseme habari ya kukamua, maana hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Kukamua shuka ni kazi ya watu wawili. Huyu anashika ncha hii, yule anashika ile, kisha mnasokota kila mtu upande wake. Sisi tulikuwa wawili, lakini mmoja wetu alikuwa barazani akipiga soga na wateja. Basi Mwanaamina alilipitisha shuka nyuma ya nguzo ya ua, akazikusanya ncha zote mbili mikononi, akasokota, akasokota tena, mpaka maji yaishe. Mwaka 1968 nilipata kazi ya hosteli moja iliyokuwa ikipokea wageni wa bandarini. Mashuka arobaini kila Alhamisi, yarudi Jumamosi. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijiona bwana mkubwa. Mwanaamina aliuliza kitu kimoja, "Arobaini yote nitayakamua mimi?" Nikamwambia ndiyo, nani mwingine, nikadhani ananitania.

Jua likiwako mambo yalikwenda. Asubuhi mashuka kambani, adhuhuri yako mezani kwangu. Mvua ikianza ndipo ilipokuwa taabu. Mtwara mvua ikiamua kukaa inakaa, na nguo ya kambani inaweza kushinda siku tatu ikinuka uvundo. Tulikuwa na njia mbili tu. Ya kwanza ni kufunga kamba chumbani na kulala chini ya mashuka ya watu. Ya pili ni tenga, lile tenga kubwa ambalo wanawake wa Mikindani hufukizia nguo zao kwa udi. Unatia makaa kwenye chetezo, unafunika kwa tenga, unatandaza nguo juu yake, na unakaa hapohapo ukiigeuza, maana ukijisahau kidogo tu inaungua. Tenga lilikausha vizuri, lakini nguo moja moja. Wateja walikuja wakakuta nguo bado, wakaninunia. Wengine walinipa maneno mbele za watu. Hayo yaliniuma, na yaliyoniuma mimi niliyajua vizuri sana.

Yaliyomuuma yeye sikuyajua, ingawa yalikuwa mbele ya macho yangu. Tangu mvua za mwaka 1971 alianza kujifunga viganja kwa vitambaa vya kanga kuukuu. Jioni alikanda chumvi ya moto. Akinipa kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili, nami nikadhani ni heshima.

Mwishoni mwa mwaka uliofuata, Mzungu mmoja aliyekuwa fundi wa mitambo, akikaa kule Shangani, alimaliza mkataba wake na akaanza kuuza vitu vya nyumbani. Nyumba yake ilikuwa ikitunzwa na Elizabeti, mama mmoja wa kutoka Masasi, Mmakua, aliyekuwa rafiki wa mke wangu. Urafiki wao ulianzia sokoni, kwenye kuchagua unga wa muhogo. Elizabeti akamwita Mwanaamina aje aone kitu kabla hakijachukuliwa na watu. Mwanaamina akajifunga buibui, akatwaa shuka moja lililokuwa limelowa, akalitia kwenye ndoo, akaenda nalo mpaka Shangani kwa miguu.

Aliporudi hakuvua hata buibui. Alinikuta nikipiga pasi, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu alisimama barazani mbele ya meza yangu, mahali wanaposimama wateja.

"Baba Zainabu, nimeona mashine." Zainabu ni binti yetu, wakati huo ameshaolewa Msimbati.

"Mashine ya nini?"

"Ya kukamua. Ndogo, inafika hapa." Akagusa kiuno. "Unatia nguo, unafunika, inazunguka. Maji yanatoka kwenye mdomo wake yanaingia kwenye beseni. Nimetia shuka letu mwenyewe. Limetoka halina hata tone. Na mimi sikushika kitu, nilisimama tu nikitazama."

"Basi hawa Wazungu wavivu kweli," nikasema.

Hakucheka. Alinyoosha mikono yake juu ya meza, viganja juu, kati ya pasi na shati la mtu. "Nakuomba ununue ile. Ile ndogo. Mikono yangu imechoka, wallahi."

Nikamwambia tutaona. Akaenda uani. Alikuwa ameshasema.

Jumamosi nilipanda lori la Mathayo, Mmakonde mmoja dereva, rafiki yangu wa siku nyingi, tukaenda Shangani. Watu walikuwa wengi pale barazani kwa Mzungu, wengine wakitazama viti, wengine wakifungua na kufunga jokofu bila sababu. Mashine zilikuwa mbili. Ile ndogo ilisimama ukutani, ya bati jeupe, imefunikwa kifuniko, haina la kutazamwa. Kando yake lilikuwapo jingine, kubwa, lenye mlango wa kioo mbele, na ndani yake pipa la chuma linalong'aa. Mzungu akatueleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Hii ndogo inakamua tu. Inakula umeme kidogo, nguo inatoka na unyevu, utaianika ikauke. Hii kubwa inakausha kwa hewa ya moto, nguo inatoka tayari kuvaliwa, hata kama nje kuna gharika. Lakini inataka waya mnene, inataka bomba la kutoa mvuke ukutani, na inataka nguo iliyokamuliwa vizuri kwanza. Hilo la mwisho alilisema mara mbili. Leo nalikumbuka neno kwa neno. Siku ile nilikuwa nikijitazama kwenye kioo cha mlango.

Akaliwasha. Nguo zikaanza kupanda na kuanguka mle ndani, na watu wakasema "Ahaa!" kwa pamoja. Nikawafikiria wateja wangu. Nikajiona nimesimama barazani, mvua inapiga bati, na mimi namkabidhi karani wa bandari mashati yaliyokauka, naye hana la kusema. Akiba yetu ilitosha mashine moja.

"Chukua likubwa hili, Chande," Mathayo akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Hako kadogo ka nini? Kukamua, nke wako si yupo?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Hapa nikisema kwamba nilicheka kwa haya nitakuwa ninaongopa. Nilicheka kwa sababu niliona ni kweli.

Elizabeti alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Hakucheka. "Baba," alisema, "Mama Zainabu alitaka ile ndogo. Alikuja akaijaribu."

"Nimesikia, mama," nikamjibu. "Lakini dobi nani, mimi au yeye?"

Akaendelea kufagia.

Tulipofika nyumbani na lori, majirani walitoka. Wanaume wanne walilishusha wakihema. Mwanaamina alitokea uani na mikono inachuruzika maji, akalitazama kuanzia chini mpaka juu, akasogea akafungua mlango wa kioo, akachungulia.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Hii inakausha kabisa, Mama Zainabu. Hata mvua inyeshe mwezi mzima. Tenga sasa basi."

"Hongera," akasema. "Kubwa." Akarudi uani kumalizia mashuka yake.

Ningependa kusema kwamba nilimfuata. Sikumfuata. Nilikuwa na watu wa kuwaonyesha.

Fundi umeme, Filipo, alikuja akatoboa ukuta, akapitisha bomba, akavuta waya mnene, akaniambia nisitie pasi ya umeme wala kitu kingine chochote pamoja na hilo dude. Mtaa mzima ukaliita Pipa. Watu walikuja kuligusa likiwa limewaka. Mvua zilipoanza nikatia mashuka ya kwanza, matano. Nikangoja. Nikapiga pasi kanzu mbili, nikarudi, bado. Mashuka yalikuwa ya moto lakini majimaji. Nikangoja tena. Hatimaye nikafahamu kwamba Pipa halikaushi nguo inayotiririka, au likikausha ni kutwa nzima. Linataka nguo iliyokamuliwa mpaka mwisho, kukamuliwa zaidi ya vile kamba ilivyotaka, zaidi ya vile tenga lilivyotaka.

Basi nikafanya nini? Nikaenda uani nikamwambia, "Mama Zainabu, kamua vizuri, Pipa linachelewa."

Akakamua. Kesho yake nikarudi, "Hili bado lina maji." Akalichukua, akalizungushia nguzo tena. Nilikuwa nikilibonyeza kila shuka kwa kidole gumba, kama mzee wangu wa Mikindani alivyokuwa akikagua kola zangu, na lile lisiloniridhisha nililirudisha. Mashuka arobaini. Kabla ya Pipa alikuwa akilisokota shuka mara moja, na lile jepesi hakulisokota hata kidogo, alilitikisa tu akaliachia jua. Baada ya Pipa kila shuka lilisokotwa mara mbili, mvua au jua, maana nilikuwa nimeshalinunua na nilitaka lionekane linafanya kazi. Nimenunua mashine ya kumwongezea mke wangu kazi ileile aliyoniomba nimpunguzie. Sijui mtu mwingine aliyewahi kufanya hivyo.

Ile ndogo haikwenda mbali. Ofisa aliyehamia nyumba ya Mzungu aliinunua, na Elizabeti akabaki palepale na kazi yake. Siku moja alikuja kwetu akiwa amefurahi. Alisema amezungumza na mke wa ofisa, naye amekubali, Mwanaamina apeleke mashuka kila Alhamisi akayakamue kule. Mathayo anapita njia ile, atayabeba. Mwanaamina alikuwa amesimama nyuma ya Elizabeti, ananitazama mimi.

Nikakataa. Nikasema mke wa Chande haendi kukamulia nguo kwenye nyumba za watu wakati kwake kuna mashine kubwa kuliko ile. Watu watasema nini?

"Watu gani, Baba Zainabu?" Elizabeti akauliza.

Nikapandisha sauti. Elizabeti akaaga. Tangu siku ile akija nyumbani alipitia mlango wa uani.

Maulidi ya mwaka 1973 yaliangukia mwezi wa nne, mvua bado zimo. Kila Maulidi watu wa Mikindani walituletea kanzu zao, za wazee na za wapiga zafa wa maandamano ya Maulidi, kwa ajili ya kanji ya Mwanaamina, ingawa walisema kwa ajili ya Chande. Mwaka ule zilikuwa ishirini na sita. Mwanaamina alizifua mapema, akazitia kanji, akazitundika chumbani moja moja, mabega yamenyooka. Jumatano asubuhi ikaja habari kwamba Zainabu amejifungua Msimbati. Akafunga kifurushi chake. Mlangoni akageuka.

"Hizo kanzu ziache palepale. Zitakauka polepole. Usizitie kwenye Pipa, kanji haitaki kurushwarushwa."

"Nenda salama. Mpe mtoto salamu zangu."

Mvua ikanyesha siku ile, na ya pili yake. Niliingia chumbani kila saa kugusa kanzu, na kila saa zilikuwa bichi. Zilikuwa zinatakiwa Jumamosi mchana. Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda msikitini, uvumilivu ukaniisha. Nikajiambia Pipa nimelinunua la nini. Nikaziangua kanzu zote ishirini na sita, nikazitia kwa mafungu matatu.

Nilipofungua mlango wa kioo, vumbi jeupe lilinijia usoni. Kanji ilikuwa imekauka huku kanzu zinapindana, na zilivyopindana ndivyo zilivyoganda. Moja ilikuwa na mkono umekunjamana kama jani kavu la mgomba. Penginepo kanji ilikuwa imebanduka yote, kitambaa kikabaki kama kitambaa cha kufutia meza, na penginepo imefanya magamba. Nikajaribu pasi. Pasi ikanata, ikaacha alama ya kahawia kwenye pindo. Nikakaa chini sakafuni. Nilikuwa naona nyuso za wazee wa Mikindani, mmoja mmoja, kwa majina.

Mwanaamina alirudi alasiri ile, uso umejaa furaha ya mjukuu. Alizigusa kanzu mbili, akanitazama, na mimi nikaanza kueleza habari za mvua. Aliniacha nikiwa katikati ya maneno. Akafunua pipa la maji, akazitumbukiza zote.

Kuondoa kanji iliyoganda kunataka kuloweka, kusugua, kusuuza na kukamua. Kutia mpya kunataka kukamua tena, kwa mkono mwepesi, ili isitoke yote. Kanzu ishirini na sita, kila moja mara mbili. Niliwasha makaa, niliweka tenga, niligeuza, nilipiga pasi, sikukaa. Hilo nijitetee nalo. Lakini kukamua sikukamua hata moja. Wala halikunijia wazo. Nilipita mbele yake na pasi mara nyingi, nikamwona amefunga vitambaa vipya viganjani, akishika kanzu kwa vidole na kumalizia kusokota kwa kiwiko. Nikadhani huo ni ufundi.

Jumamosi mchana kanzu zote zilikuwa tayari, zimekunjwa, nyeupe, zinasimama. Yule mzee aliyekuja kuzichukua aliniombea dua ndefu, Mungu aibariki mikono yangu. Nikasema amina.

Siku ya pili yake Mwanaamina aliamka, na mkono wa kulia haukufumba. Wa kushoto ulifumba nusu. Viganja vilikuwa vimevimba mpaka vifundo havionekani. Tukakanda chumvi, tukapaka mafuta ya nazi, tukangoja wiki nzima, kisha tukaenda hospitali. Daktari alivibonyeza viganja, akauliza anafanya kazi gani. Nikajibu mimi: "Dobi." Daktari akanitazama na kusema, "Wewe au yeye?" Alisema mishipa ya viganja imeumizwa siku nyingi, si jana wala juzi, na kwamba apumzike asikamue kitu tena maishani mwake, na kwamba angepumzika mwaka mmoja nyuma habari ingekuwa nyingine.

Uvimbe ulishuka. Nguvu hazikurudi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikufa ganzi kabisa. Mwezi wa saba nilipika kanji mimi, yeye akiniongoza, na ilipokuwa tayari akatumbukiza vidole karaini kama kawaida yake, akasugua. Akasugua tena. Akaninyanyulia macho, akasema taratibu, "Sihisi kitu." Kanzu za Ijumaa ile zilitoka za hivihivi tu. Wateja wa Mikindani walivumilia mara mbili tatu, halafu wakapotea.

Pipa nalo lilikufa. Kanji ilikuwa imeingia ndani, bomba likaziba, waya ukanuka. Filipo alilifungua, akalifunga, akanishauri nilisahau. Tulilisogeza uani, na kuku wetu mmoja akalifanya mahali pa kutagia. Nikameza kiburi changu, nikaenda Shangani kwa miguu kuulizia ile ndogo. Elizabeti ndiye aliyenifungulia. Akaniambia ofisa amehamishwa kwenda bara, na ameondoka na kila kitu. Hakunisimanga. Alinipa maji ya kunywa.

Hosteli peke yake ndiyo iliyobaki, mashuka arobaini ya Alhamisi. Mwanamke tuliyemwajiri kukamua akatuacha baada ya wiki mbili, akisema kazi ile itamuua. Kwa hiyo Alhamisi moja, mwanzoni mwa mwaka 1974, niliingia uani mwenyewe, nikapandisha mikono ya shati, nikatoa shuka la kwanza majini. Sikuwahi kujua kama shuka lililolowa lina uzito ule. Nikalipitisha nyuma ya nguzo kama nilivyokuwa nikimwona, nikazishika ncha, nikasokota. Maji yakatoka kidogo. Nikasokota tena, na maumivu yakapanda kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, yakakaa hapo. Nikalibonyeza kwa kidole gumba, bado lina maji. Nilikuwa nimeitwa dobi kwa miaka ishirini na moja, na hilo ndilo shuka la kwanza kulikamua mimi mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Yalibaki thelathini na tisa.

Kulikuwa na neno ninalotaka kumwambia. Nilikuwa nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelipanga vizuri. Nikageuka, nikamkuta ameshatoka ndani, amesimama karibu yangu, anatazama jinsi ninavyohangaika na shuka la pili.

"Hivyo utajiumiza," alisema. "Lete ncha moja. Tukiwa wawili ni rahisi."

Nikampa. Sijui kwa nini nilimpa. Akaishika kwa mikono yote miwili, akaikumbatia kifuani ili isiteleze, akaniashiria kwa kichwa nianze. Nikasokota taratibu, taratibu sana. Shuka likakaza. Nikamwona anauma mdomo, halafu vidole vyake vikafunguka vyenyewe, na shuka likamtoka, likaanguka kwenye mchanga, ncha yake yote ikawa tope.

Aliitazama mikono yake, kisha akanitazama mimi.

"Nisamehe, Baba Zainabu," akasema. "Nimekuharibia kazi."

Neno langu lilikuwa ni hilohilo. Nikamwambia si kitu, nikaliokota shuka, nikalirudisha karaini.